Dakika Arobaini Hadi Mkunywa

Nchi ya Tuendako haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo asihangaike mtu kuitafuta, wala asije mtu akalalamika kwamba amesemwa. Ikitokea ikafanana na nchi unayoijua, ni kufanana tu, kama wafananavyo watoto wa baba mmoja waliokatazwa kuitana ndugu.

Humo aliishi mwanamke aitwaye Mwatumu Sekibo, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga safari za ndege katika uwanja wa mji mkuu, Dandara. Kabla ndege haijaruka, yeye ndiye aliyepima: kilomita ni ngapi, upepo unatoka wapi, safari itachukua muda gani, na kwa hiyo tangi litiwe mafuta kiasi gani. Akimaliza hutia sahihi kwenye karatasi ya safari, na rubani hutia yake chini. Kwa miaka kumi na tisa hakuna ndege aliyoipimia iliyowahi kuishiwa mafuta angani, na kwa sababu hiyo hakuna mkubwa hata mmoja aliyelijua jina lake.

Mambo yalianza na usingizi.

Mkuu wa nchi aliitwa Mtangulizi, kwa kuwa popote alipokwenda wengine wote walilazimika kuwa nyuma. Alikuwa amejenga uwanja wa ndege wa kimataifa kijijini alikozaliwa, Mkunywa, kule kaskazini. Kijiji kilikuwa na kaya mia mbili na kisima kimoja. Njia ya kurukia ndege ilikuwa na urefu wa kilomita tatu na nusu, ili dunia nzima ikitaka kuja Mkunywa siku moja isikose pa kutua. Siku ya ufunguzi Mtangulizi alipanda ndege Dandara, akasinzia kabla magurudumu hayajaacha ardhi, akazinduka ndege ikiwa inashuka.

"Tumeruka muda gani?" akauliza.

Waziri wa Usafiri wa Anga, Profesa Kipanga Mabawa, aliona taabu. Walikuwa wameruka saa moja na dakika ishirini. Kusema hivyo ni kumwambia mkuu wa nchi kwamba amekoroma saa nzima mbele ya mabalozi.

"Kama dakika arobaini hivi, Mheshimiwa."

Jukwaani Mtangulizi akaiweka pembeni hotuba aliyoandikiwa. "Wananchi wenzangu!" akanguruma. "Wakoloni walituambia Mkunywa ni mbali. Mbali na nani? Leo nimetoka Dandara kwa dakika arobaini! Na kuanzia leo kila mwananchi atatoka Dandara kwa dakika arobaini!"

Makofi yakapigwa mpaka viganja vikawaka moto. Kesho yake maneno hayo yalikuwa kwenye mabango, na wiki iliyofuata kwenye majalada ya madaftari ya shule. Kutoka Dandara hadi Mkunywa ni kilomita mia sita na arobaini. Ndege za shirika la taifa zilikwenda kilomita mia nne na themanini kwa saa. Mtoto wa darasa la tano angeweza kuipiga hesabu hiyo, ndiyo maana hesabu hiyo ikaondolewa darasa la tano.

*

Mwanzoni serikali ilishughulika na saa tu. Saa ya ukutani pale Mkunywa ilirudishwa nyuma dakika arobaini, na ndege zote zikaanza kufika kwa wakati. Abiria waliokuja na saa zao walitakiwa kuzikabidhi mlangoni Dandara pamoja na mikasi na vitu vingine vyenye ncha kali. Lakini watu wana matumbo, na tumbo haliachwi mlangoni. Abiria walikuwa wakishuka Mkunywa wakiwa na njaa ya saa moja na dakika ishirini, na minong'ono ikaanza.

Ikaundwa Kamati ya Umbali. Maprofesa saba wakakaa hotelini ufukweni miezi mitatu, mahali ambapo palikuwa mbali na Dandara na mbali zaidi na Mkunywa, wakatoa ripoti. Ripoti ilisema hivi: muda wa safari hauwezi kubadilishwa, kwa kuwa umekwisha tamkwa. Mwendo wa ndege hauwezi kubadilishwa, kwa kuwa kiwanda ni cha wageni. Kilichobaki ni umbali, na umbali ni mali ya taifa. Bunge likapitisha sheria kwa kauli moja: kutoka Dandara hadi Mkunywa ni kilomita mia tatu na ishirini, na atakayesema vinginevyo ameirefusha nchi bila kibali.

Mchora ramani wa serikali aliumiza kichwa siku mbili, kisha akachukua ramani kubwa ya ukutani, akaikunja mahali fulani kati ya Dandara na Mkunywa, akaibana kwa pini. Kaskazini ikasogea, ikapendeza. Ndani ya mkunjo zikabaki wilaya tatu. Kubwa kuliko zote ilikuwa Lwambi, yenye watu elfu arobaini, ng'ombe wasiohesabika, zahanati moja, na kiwanja kidogo cha ndege cha changarawe.

Mwatumu alikwenda kumwona Waziri. Alivaa gauni lake la Idi na kubeba vitabu vyake vya vipimo kwenye mfuko wa plastiki.

"Mheshimiwa Profesa," alisema, "saa mkizirudisha, hakuna anayekufa. Lakini nimeletewa waraka unaosema nitie mafuta ya kilomita mia tatu na ishirini. Ndege haisomi sheria."

"Ndege ni ya nani, Bi. Mwatumu?"

"Ya serikali."

"Basi itasoma."

Akaondoka na vitabu vyake. Kilichowaokoa watu miezi ile ya kwanza ni akiba. Kanuni za dunia nzima zinataka ndege ibebe mafuta ya dakika arobaini na tano zaidi ya safari yake. Dakika arobaini za sheria na arobaini na tano za akiba ni dakika themanini na tano, na safari ya kweli ni themanini. Marubani walikuwa wakitua Mkunywa na mafuta ya dakika tano tangini, mashati yamewaganda mgongoni.

Kisha Waziri akasoma juu ya ile akiba. "Dakika arobaini na tano za nini?" akauliza bungeni. "Mtu anayefunga chakula cha siku tatu kwenda kwa jirani anamtukana jirani!" Akaipunguza hadi thelathini. Wakati uo huo akamwondoa rubani msaidizi kwenye njia hiyo, kwa kuwa safari fupi kiasi kile haihitaji watu wawili kuangalia mbele.

Mwatumu alipiga hesabu mara moja tu. Dakika sabini. Akaiweka kalamu chini, akatazama ukuta, kisha akaenda kumtafuta Kapteni Lusajo.

Lusajo alikuwa rubani wa njia ile, mtu mwembamba mwenye mzaha hata pasipofaa. Mwatumu alimfahamu tangu kijana huyo akiwa mwanafunzi wa kufagia vumbi kwenye mabawa, akimwita dada.

"Kuanzia kesho," Mwatumu alimwambia, "utabeba ndizi."

"Ndizi?"

"Kilo mia mbili na hamsini za ndizi kila safari. Nitaziandika kwenye mizigo. Zitakaa tangini."

Lusajo akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada, hizo ndizi zikiiva?"

"Zisipoiva ndipo tutakapolia."

Miezi minne ndege zilikwenda Mkunywa kwa nguvu za ndizi. Serikali ilitangaza kwamba matumizi ya mafuta yamepungua kwa nusu, na Profesa Kipanga akavishwa nishani. Ikamponza pupa ya kula. Alikuwa akimwoza mpwa wake kule kaskazini, akatuma watu Mkunywa wakamletee mikungu thelathini tu kutoka kwenye zile tani za ndizi zilizokuwa zikipelekwa kila wiki. Watu wakarudi mikono mitupu. Mkunywa hapakuwa na ndizi hata ya mgonjwa.

*

Mwatumu alisimamishwa mbele ya meza ndefu yenye watu tisa na chupa tisa za maji.

"Unakiri," aliuliza mwenyekiti, "kwamba kwa siku mia moja na ishirini umeiongezea nchi yetu kilomita mia tatu na ishirini?"

"Sikuiongezea kitu. Nimeikuta hivyo."

"Unamaanisha Mtangulizi ameipunguza?"

Alijua jibu la swali hilo linampeleka mtu wapi. Akanyamaza, na kunyamaza huko kukamchoma kuliko kofi, kwa maana hakuwahi kunyamazia hesabu maishani mwake.

Hawakumfukuza. Barua ilisema, kwa kuzingatia utumishi wake wa muda mrefu, ataendelea kufanya kazi katika kitengo cha ndege. Haikusema ndege gani. Jumatatu yake alikabidhiwa filimbi, kopo la kugonga na fimbo yenye kitambaa, akapelekwa pembeni mwa njia ya kurukia kufukuza korongo na kunguru wasiingie kwenye injini. Kalamu yake alipewa kijana mwenye sahihi nzuri.

Hapo ndipo alipokuwa amesimama asubuhi ile ya Jumanne, jua limeanza kuuma, alipoona gari la mafuta likirudi nyuma kwenye ndege ya Mkunywa na mpira wake ukinyonya badala ya kumimina. Wakaguzi walikuwa wamekuta mafuta ya ziada tangini na sasa wanayatoa. Abiria kumi na sita walikuwa wamepanga mstari kivulini pa bawa. Mwalimu mmoja wa makamo alikuwa amebeba boksi la chaki kichwani kama kofia, kujikinga na jua, na watu walikuwa wanamcheka, naye anacheka.

Lusajo akamjia mbio mbio, kofia mkononi.

"Wamenibakizia sabini, dada."

"Usiende."

"Nikikataa atakwenda yule mtoto, Gervasi. Hajawahi kuipita njia hii hata mara moja. Anaamini ni dakika arobaini, kasoma shuleni." Akajifuta uso kwa kofia. "Fikiri wewe. Kichwa chako ndicho kilicholala na hiyo ramani miaka yote. Kuna mahali?"

Mwatumu alifumba macho. Aliiona ramani ya zamani, ile isiyo na mkunjo, na mstari wa kwenda kaskazini alioupima mara elfu.

"Lwambi," akasema. "Kilomita mia tano na thelathini na nane. Kiwanja cha changarawe, mita elfu moja na mia moja. Utafika na dakika mbili za kuvuta pumzi. Walikuwa na mapipa ya mafuta pale, miaka ile ya kampeni ya chanjo."

"Na bado kipo?"

"Ardhi haiendi popote, Lusajo."

Lusajo akamshika bega, akasema kwamba akirudi atamletea ndizi, akakimbia kwenye ndege yake. Mwatumu akapuliza filimbi, korongo wakapaa upande, na ndege ikaondoka. Alihesabu mwenyewe. Dakika ya arobaini ilipofika alisikia spika za ukumbini zikitangaza kwa sauti tamu kwamba ndege ya Mkunywa imetua salama. Dakika ya sitini na saba alijua Lusajo anashuka. Dakika ya themanini alikuwa bado amesimama palepale, na kunguru wamejaa njia nzima, hakuna anayewafukuza.

*

Alichokuwa hajui ni kwamba Wizara ilikuwa imefika Lwambi kabla ya Lusajo. Kiwanja kisichokuwepo hakiwezi kuachwa wazi, ulisema waraka, na vijana wa huko walilipwa unga wachimbe mitaro miwili kukikata. Mfuko wa kuonyesha upepo uling'olewa. Mapipa yakabebwa. Mnara wa simu nao ulizimwa, kwa kuwa mnara hauwezi kusimama mahali ambapo hapapo.

Kesho yake Waziri alitoa taarifa ya nusu ukurasa. Ndege, alisema, iliruka kwa muda uliopangwa na ilifika kwa muda uliopangwa. Ikiwa baadhi ya ndugu hawajawaona wapendwa wao, hilo ni suala la mapokezi wala si la usafiri. Alipobanwa na mwandishi mmoja kutoka nje aliongeza sentensi ambayo wenyewe Watuendako wameikariri mpaka leo: "Ndege haikuchelewa. Uwanja ndio haukuwahi kufika."

Kikosi cha uokoaji kilikuwa tayari na magari mawili. Dereva aliuliza anakwenda wapi, mkuu wake akatazama ramani, akapapasa mkunjo kwa kidole, akasema wasubiri maelekezo. Wanasubiri.

Siku hiyohiyo Mwatumu aliletewa karatasi atie sahihi kuthibitisha, kama mtaalamu, kwamba mafuta yalitosha. Aliisoma yote. Aliirarua vipande vinne, akavitia kwenye kopo la kufukuzia kunguru, akaenda nyumbani kuchukua kanga na viatu vya kutembelea. Alipanda lori la saruji linalokwenda kaskazini. Dereva alimwambia atamshusha "katikati," kwa kuwa jina la pale alikuwa haruhusiwi kulitaja.

Alifika Lwambi Alhamisi mchana. Ndege ilikuwa imelala kwa tumbo, pua imeingia kwenye mtaro wa pili. Lusajo aliuruka wa kwanza, akashindwa kuuvuka wa pili kwa urefu wa magurudumu tu. Watu wa Lwambi, wale elfu arobaini wasiokuwepo, walikuwa wamekata bati kwa mashoka na majembe na kuwatoa watu wote kabla jua halijazama. Lusajo na abiria watano walitolewa wamekwisha kufa, na Lwambi ikawazika kwa heshima kwenye uwanja wa shule, kwa kuwa joto halina subira. Kumi na mmoja walitolewa hai.

Wawili kati yao walifariki Jumatano. Wengine walilazwa kwenye mikeka ndani ya zahanati, chini ya mikono ya muuguzi mmoja aitwaye Kabula, mwanamke mnene aliyekuwa hajalala siku mbili na aliyekuwa na hasira kiasi cha kutikisa mlango.

"Njoo uone kabati langu," alimwambia Mwatumu hata kabla hajamwuliza jina. Kabati lilikuwa na mkasi, chumvi na bahasha. "Barua kumi na nne nimeandika kuomba dawa. Kumi na nne zimerudi. Soma."

Juu ya kila bahasha palipigwa muhuri: ANWANI HAIPO.

"Kidonda cha mguu," Kabula alisema. "Mtu anakufa kwa kidonda cha mguu, dada. Sindano tano tu! Nawachemshia maji ya chumvi, kama bibi yangu."

Mwatumu alikaa chini sakafuni. "Mimi ndiye niliyemwambia atue hapa."

Kabula akafunga kabati. "Na mitaro wamechimba wadogo zangu. Wawili wamekimbilia porini, hawataki kula. Ukitaka kulia, lia leo, kesho nina kazi na wewe."

Mwenye kidonda cha mguu alikuwa yule mwalimu wa boksi la chaki. Aliitwa Masalu. Homa ilikuwa imempanda, lakini alimtambua Mwatumu. "Wewe si mama wa filimbi?" Kisha akauliza kama mkewe ameambiwa. Mkewe, Nyamizi, alikuwa amekwenda kumpokea Mkunywa. Hajui kusubiri, alisema, hata chai haisubiri ipoe.

"Ataambiwa," Mwatumu alisema.

"Mwambie nimechelewa kidogo."

Alikufa Ijumaa kabla ya adhuhuri, kwa kidonda cha mguu, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka uwanja wa ndege wa kimataifa wenye hospitali ya wageni mashuhuri ndani yake. Akawa wa tisa, akazikwa na wenzake kwenye uwanja wa shule.

*

Waliobaki wanane walihitaji daktari. Gari halikuwepo Lwambi, kwa kuwa mafuta ya gari nayo hayaletwi pasipo na anwani. Jumamosi alfajiri watu wakafunga ng'ombe kwenye mikokoteni minne, wakatandika majani na magodoro, wakawalaza majeruhi, na wilaya ikaanza kutembea kuelekea Mkunywa. Mwanzoni walikuwa mia tatu, na kila kijiji walichopita wakazidi.

Mwatumu hakuweza kutembea tu. Alipima gurudumu la mkokoteni wa mbele kwa kamba, akafunga kitambaa ukingoni mwa gurudumu hilo, akawa anahesabu mizunguko. Kila kilomita ilipotimia alisema "simama," akachovya brashi kwenye ndoo ya chokaa, akapaka namba kwenye jiwe la kando. Namba ziliandikwa vizuri, maana ndivyo alivyofundishwa.

Kwenye kilomita ya sabini na moja walikuta kizuizi: gari moja la polisi na Inspekta Ngoso.

"Mnatoka wapi?"

"Lwambi."

"Hakuna Lwambi."

"Kama hakuna," alisema Kabula, "basi hatujatoka popote, na wewe huna wa kumzuia. Sogeza gari."

Inspekta akachukua redio akaomba askari wa kuongeza nguvu. Makao makuu wakamwuliza yupo wapi. Akasema.  Kisha sauti ikamwambia kwamba kwa mujibu wa ramani hawezi kuwa pale, kwamba afisa aliyepo mahali pasipokuwepo anahesabiwa mtoro, na kwamba mshahara wake unasimama tangu asubuhi hiyo.

"Afande, nimetumwa na ninyi!" alipiga kelele. Redio ilikwisha zimwa. Alisimama akiishika kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. Kisha akalisogeza gari pembeni, akavua kofia, na mkokoteni wa tatu ulipopita akaingia nyuma yake akasukuma, bila kumtazama mtu.

Waliingia Mkunywa Jumanne alasiri. Jiwe la mwisho Mwatumu alilipaka langoni pa uwanja: mia moja na mbili.

Ndani kulikuwa na sherehe. Ilikuwa imetimia mwaka mmoja tangu Mtangulizi afupishe safari, na Profesa Kipanga alikuwa jukwaani na nishani yake, anakabidhi hati za kufika. Kila familia ya abiria wa ndege ile ilikuwa ipewe hati yenye fremu, jina la ndugu yao kwa maandishi ya dhahabu, na maneno AMEFIKA SALAMA. Familia hizo zilikuwa pale ukumbini siku ya nane sasa. Zimelala kwenye viti, zimefua nguo chooni. Juu ya vichwa vyao ubao wa taa uliandika tangu Jumanne iliyopita: DANDARA – IMEFIKA. Kila aliyeuliza ndugu yake yuko wapi alioneshwa ubao.

Mikokoteni ikapita kwenye milango ya vioo iliyofunguka yenyewe. Ng'ombe wakakanyaga zulia jekundu. Watu wakawatambua watu wao wakiwa wamelala juu ya majani, vilio vikapasuka, na Profesa akashikilia kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi," alisema, "hawa si abiria! Abiria walikwisha kufika! Naomba tusichanganye mambo mawili!"

Hakuna aliyemsikiliza. Mwatumu alipanda juu ya mkokoteni, akasoma majina ya wanane walio hai. Kisha akasoma majina tisa. Alianza na Lusajo, akashindwa, akaanza tena. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa vumbi, na ukumbi ulinyamaza ili imfikie kila mtu.

Alipotaja jina la Masalu, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya sherehe alikuja mbele taratibu, akisukuma watu kwa kiganja. Hati ilikuwa mkononi mwake tayari, ameikumbatia kifuani.

"Mimi Nyamizi," alisema. "Alikufa palepale?"

Mwatumu alishuka. Alitamani kusema ndiyo. "Hapana, mama. Alikufa Ijumaa. Mguu uliharibika, na dawa haikuwepo. Alisema nikwambie amechelewa kidogo."

"Ijumaa." Nyamizi aligeuka akautazama ubao. "Ijumaa nilikuwa hapa. Nimekaa kiti kile pale. Walituletea soda." Akamgeukia tena. "Alikuwa mbali kiasi gani na hapa?"

Jukwaani Profesa alifumbua mdomo. Askari wawili walikuwa tayari wanamjia Mwatumu kutoka nyuma, mmoja ameshika pingu. Aliwaona. Alisimama wima kama alivyokuwa akisimama zamani mezani pake.

"Kilomita mia moja na mbili. Nimezipima."

Nyamizi alirudia namba hiyo kwa midomo tu, kama anayepiga hesabu ya sokoni.

"Mbona si mbali," akasema. "Siku tatu. Mngeniambia, ningemfuata kwa miguu."

Aliiweka hati sakafuni, uso chini. Akainama, akavua vile viatu kimoja kimoja, akavishika mkononi, akatoka kwa milango ya vioo kuelekea kusini, kwenye lile jiwe la mwisho. Mtu mmoja kati ya waliokuwa wakisubiri akamfuata. Kisha wote.